Fulana ya panki ya elfu tatu

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 23, nachora Ngarenaro, Arusha. Kazi zangu ni zile za watalii: Mmasai na mkuki, tembo, mlima, jua linazama. Mwaka jana nilinunua fulana ya mtumba pale Kilombero kwa elfu tatu, ina tai ndani ya duara na majina manne yamezunguka. Nikaitafuta kwenye simu, nikakuta ni bendi ya panki, ule muziki wa kelele na uasi, na tangu hapo nimezama. Nimeona majalada ya wanapanki, herufi za kukatwa magazetini, maneno yao ya kupinga hii tabia ya kununua-nunua. Nataka kufanya sanaa ya namna hiyo. Rafiki zangu wanasema hayo ni mambo ya Wazungu walioshiba. Mimi mwenyewe najiuliza, nikiuza kazi inayopinga biashara si nitakuwa mnafiki? Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Tuanze na hiyo fulana, maana nusu ya swali lako imo humo.

Ni ya Ramones, bendi ya New York ya miaka ya 1970. Nembo ile aliichora Arturo Vega, mzaliwa wa Mexico, rafiki yao aliyekuwa akiwashughulikia taa za jukwaani. Aliiazima kwenye muhuri wa Rais wa Marekani. Kwenye muhuri wenyewe tai ameshika mishale mguu mmoja na tawi la mzeituni mguu wa pili. Vega akampokonya mishale akampa rungu la besiboli, mzeituni akaugeuza tawi la mtufaha, na palipokuwa na maneno ya serikali akazungusha majina ya wanamuziki. Hakuumba kitu kipya. Alichukua picha yenye mamlaka, akabadilisha vitu viwili vitatu, na vijana wa mtaani wakawa na muhuri sawa na rais. Shika hapo, tutaparudia.

Sasa tazama safari yake. Kejeli ile iligeuka bidhaa, na leo inavaliwa na watu wasioweza kukutajia wimbo hata mmoja wa bendi hiyo. Mmoja wao huko aliinunua, akaivaa mara mbili tatu, akaigawa. Ikabanwa kwenye belo, ikashushwa bandarini, belo likafunguliwa Kilombero alfajiri, wewe ukaing'ang'ania na mwenzako. Nimeingia kwenye maonyesho mengi ya sanaa yanayojidai kueleza habari ya kununua na kutupa. Hakuna lililonieleza kuliko safari ya fulana yako.

(Sisi wa rika langu, nikuchekeshe kidogo, neno panki tulilipata kwa kinyozi. Ulikuwa mtindo wa kunyoa. Mwenye panki alirudishwa nyumbani akanyolewe upya, na hakuna aliyejua kwamba nyuma ya zile nywele kuna muziki.)

Zile herufi za kukatwa unazozipenda zina historia inayohusu bei zaidi ya urembo. Jamie Reid, aliyetengeneza majalada ya bendi ya Sex Pistols, alishiriki kuanzisha kijarida na matbaa ndogo iitwayo Suburban Press huko Croydon, kusini mwa London, mwaka 1970. Hawakuwa na fedha za kuwalipa wachapaji wawapangie herufi, kwa hiyo alikata herufi magazetini akazibandika. Ilikuwa rahisi na ya haraka. Baadaye, mwaka 1977, Uingereza ikiadhimisha miaka 25 ya Malkia kwenye kiti, Reid alichukua picha rasmi ya Malkia akamfunika macho na mdomo kwa herufi hizo, mithili ya barua ya watekaji wanaodai fidia. Lilikuwa jalada la wimbo wa Sex Pistols, God Save the Queen. BBC wakaukataa wimbo huo, na bado ulipanda hadi namba mbili kwenye chati za nchi. Neno la watekaji silitumii kwa bahati mbaya. Reid alikuwa ameathiriwa na kundi la wasanii na wanafikra wa Paris, wakiwemo Guy Debord na wenzake, waliofundisha jambo lilelile: teka picha wanayokuuzia, igeuze iseme ambacho mwenye nayo hakutaka isemwe.

Na kabla ya jalada hilo kulikuwa na fotokopi. Julai 1976 karani wa benki wa London aitwaye Mark Perry, kijana mdogo kuliko wewe, alitoa kijarida alichokipa jina la Sniffin' Glue, jina alilolitoa kwenye wimbo wa hao hao Ramones wa kifuani mwako. Vichwa vya habari aliviandika kwa mkono na kalamu ya wino mzito. Nakala za kwanza zilikuwa kama 50. Mwaka uliofuata zilikuwa zimefika maelfu, na hapo ndipo alipokifunga mwenyewe.

Mimi jambo hili nalielewa kwa pua. Nilipoanza kufundisha hapa Moshi tulikuwa tunadurufu mitihani kwa stensili, ile karatasi ya nta unayoipiga taipu, wino unakuganda vidoleni mpaka Jumapili. Mashine ilifungiwa ofisini kwa mkuu wa shule na ufunguo ulining'inia kiunoni mwake. Wanafunzi walipotaka kutoa gazeti lao waliambiwa wino umekwisha. Wino ulikuwepo, niliuona. Mwenye mashine ya kunakili ndiye aliyekuwa mwenye maneno. Kwa hiyo mtu akinieleza kwamba panki ni nywele na pini za kubania nepi, huwa nafikiria ule ufunguo. Leo kila kona ya Arusha ina stesheneri yenye mashine ya kutoa kopi kwa sarafu chache, na tunaitumia kunakili vyeti vya kuzaliwa.

Kuhusu rafiki zako. Wana makosa upande mmoja na wako sahihi upande wa pili, nami ule upande walio sahihi ndio unaonivutia zaidi.

Wanapokosea ni kwenye neno Wazungu. Mmoja wa walioimba na kuchora habari za ulaji kwa akili kuliko wote katika panki ya Uingereza alikuwa binti wa Msomali. Aliitwa Marianne Elliott-Said, alizaliwa mwaka 1957, mama Mwingereza, akafariki mwaka 2011. Jina lake la jukwaani alilichagua kwenye kitabu cha simu cha matangazo ya biashara: Poly Styrene, yaani ile plastiki nyepesi ya vikombe vya kunywea na kutupa. Fikiria mtu anajipa jina la takataka kabla wewe hujampa! Wenzake wengi walikuwa wanaimba hasira. Yeye aliimba rangi za plastiki, maduka makubwa, dawa za kuulia vijidudu, binti anayejitazama kama bidhaa kwenye rafu. Tena alifanya hivyo huku akicheka, amevaa vyuma vya meno na nguo za rangi za kelele ambazo hakuna duka lililotaka kuziuza. Kama utamtafuta mtu mmoja tu wa kumsoma kwa makini, mtafute huyo, halafu ndipo uende kwa Sex Pistols. Na Johannesburg kulikuwa na National Wake, bendi ya weusi na weupe pamoja, ikipiga kati ya mwaka 1979 na 1982 chini ya sheria ambazo hazikutaka hata wakae mtaa mmoja. Sasa nani atasema hilo ni la Wazungu walioshiba?

Wanapopatia ni kwenye neno walioshiba. Kijana wa London aliyechana fulana mwaka 1976 alikuwa anatoa kauli, kwa sababu kabati la jirani lilikuwa limejaa fulana zisizochanika. Mama yangu alitia viraka mashati yetu wanane na hakuwa anatoa kauli yoyote. Katambuga za tairi hazikubuniwa kuupinga ulaji. Zilibuniwa kwa sababu miiba ipo na viatu havipo. Kibatari cha kopo la maziwa vilevile. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 alitumia rangi za baiskeli kwenye vipande vya ubao wa dari, na picha zake zikauzwa kwa wageni wa Oysterbay. Malighafi ilikuwa ya bei ya chini kuliko ya mwanapanki yeyote, lakini uasi haukuwemo, alikuwa anatafuta riziki na aliipata. Kwa hiyo usinitumie picha ya sanamu ya vizibo vya soda ukaniambia tayari ni panki. Kuokota si kupinga. Wote tunaokota.

Yupo aliyeokota na akapinga, nikupe mfano mmoja. Romuald Hazoumè wa Benin hutengeneza vinyago kwa madumu yaliyotupwa, na ameshaeleza kwamba anachokifanya ni kuwarudishia watu wa Magharibi mali yao, yaani takataka za jamii yao ya ulaji. Kazi yake ya madumu 304, yaliyopangwa kwa umbo la meli ya watumwa, ilinunuliwa mwaka 2007 kwa ajili ya British Museum ya London. Dumu lenyewe halikubadilika sana. Kilichobadilika ni uelekeo wa safari yake: lilikwenda kule lilikotoka, likiwa na uso.

Hapo ndipo pa kujiuliza wewe wa Ngarenaro. Kijana wa London alikuwa mteja aliyechoka kuuziwa. Wewe Arusha wanakuuzia nini? Wanakuuzia, ndiyo: duka la Mangi mtaani kwako limepakwa rangi ya kampuni ya simu ukutani kote, rangi ya bure, jina la mwenye duka limebanwa kwenye kona kama nyongeza. Una kata nzima inayoitwa Unga Limited, jina la kampuni likageuka anwani ya watu kuzaliwa na kuzikwa. Lakini kwa mchoraji wa picha za watalii jambo kubwa zaidi ni kwamba wewe umo ndani ya bidhaa. Kinachouzwa Arusha ni picha ya Arusha, na wewe ndiye unayeipaka.

Nilipokuwa kijana nilipeleka picha kwenye duka moja la sanaa huko Arusha. Nilikuwa nimechora Mlima Meru kama unavyoonekana asubuhi, na mbele yake nguzo za umeme, bati za nyumba, mtu kwenye pikipiki amebeba matenga ya kuku. Mwenye duka aliisifu sana. Kisha akaniomba nitoe nguzo. Halafu pikipiki. Kuku alikuwa hana ugomvi nao. Alisema wageni wanataka Afrika halisi. Nilizitoa, nikalipwa, nikanunua sare za watoto, na sijutii hizo sare. Ila ile nguzo ya umeme naikumbuka mpaka leo.

Ukitaka kufanya panki Arusha, mwanangu, irudishe nguzo. Achana na Malkia wa Uingereza na herufi za magazeti ya London. Hiyo itakuwa fulana nyingine tu. Chukua picha unayoijua kuliko mtu yeyote, ile ya Mmasai na machweo, uifanyie alichokifanya Vega kwenye muhuri. Badilisha kitu kimoja au viwili, kingine chote kiache vilevile. Mmasai yuleyule, mguu mmoja umeegemea fimbo, mkao uleule, lakini nyuma yake badala ya jua pana geti la ghala na taa ya ulinzi, kwa kuwa ndipo anaposimama saa nane usiku. Mtalii ataitambua picha kwa mbali, atasogea, na akishafika karibu atakuta kumbe ni habari nyingine. Huo mfano ni wangu, usiunakili, tafuta wako. Na kama wewe si Mmasai, kaa na mlinzi mmoja umsikilize kabla hujachora, la sivyo utakuwa umebadilisha pambo kwa pambo.

Linder Sterling wa Manchester alifanya hivyo kwa wembe na gundi. Kwenye jalada la santuri ya bendi ya Buzzcocks ya mwaka 1977 alichukua mwili wa mwanamke kutoka kwenye jarida la picha za utupu, akamwondoa kichwa akamwekea pasi, na kwenye chuchu akabandika midomo inayotabasamu. Pande mbili za duka la magazeti, la wanaume na la wanawake, zikakutana kwenye kiwiliwili kimoja. Vitu viwili vimebadilishwa, na picha haisahauliki.

Na kwa maneno, kwa nini uazime herufi za watekaji wakati umekulia kwenye nyumba zenye kanga? Sisi tuna sanaa ya picha yenye jina chini yake inayomjibu jirani bila kufungua mdomo. Mtu anaivaa, anapita nayo, ujumbe umefika, na hawezi kushtakiwa. Weka Land Cruiser ya watalii katikati, ndani ya pindo, chini andika Mgeni njoo mwenyeji apone, usiongeze neno. Kila mtu wa Arusha atajua kama umecheka au umelia.

Kidogo kuhusu siasa, maana najua mtu atakutajia Azimio. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, 1967, na Debord akatoa kitabu chake kikuu mwaka huohuo huko Paris. Inavutia kuyaona yote mawili yakiwa na shaka na fedha, na Azimio likamkataza kiongozi kuwa na hisa, mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Lakini usiyafanye ndugu. Moja liliandikwa na chama kilichoshika dola. Panki haikuwahi kuipenda dola yoyote. Mwanzoni mwa mwaka 1969 umoja wa vijana wa TANU uliendesha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana na mawigi. Ungepita pale na fulana yako iliyochanwa, ungejua tofauti.

Sasa unafiki. Sikiliza visa viwili. Mwaka 2015 benki moja ya Uingereza, Virgin Money, ilitoa kadi za mkopo zenye sanaa ya majalada ya Sex Pistols. Kadi ya mkopo! Na Novemba 26, 2016, Joe Corré, mtoto wa mbunifu wa mavazi Vivienne Westwood na meneja wa bendi hiyo, Malcolm McLaren, alichoma ndani ya mashua kwenye Mto Thames mkusanyiko wake wa vitu vya panki, akisema vina thamani ya pauni milioni 5, kwa hasira kwamba panki imegeuzwa kumbukumbu ya makumbusho. Wengine walimshangilia. Mimi nilimwona kama mtu anayechoma karanga mbele ya wenye njaa. Kuchoma ni ishara ya mwenye navyo, kama kuchana fulana.

Ninaowapenda ni bendi ya Crass. Waliishi kwenye nyumba ya shamba huko Essex, na msanii wao Gee Vaucher alichora picha zinazoonekana kama zimekatwa magazetini, kumbe ni rangi na brashi tupu. Mwaka 1979 walitoa santuri wakachapa juu ya jalada lenyewe kwamba usilipe zaidi ya peni 45, wakati nyingine za aina hiyo ziliuzwa karibu mara mbili. Waliuza. Hawakuona haya kuuza. Walichomnyima mfanyabiashara ni uwezo wa kupanga bei nyuma ya pazia. Kichekesho ni kwamba walisahau kuhesabu VAT, wakapata hasara kwa kila nakala iliyotoka.

Hilo kwa Arusha ni kali kuliko unavyodhani. Mji wako unaishi kwa bei mbili, ya Mzungu na ya Mswahili, na picha za pale mtaani hazina bei kabisa mpaka muuzaji amwangalie mnunuzi viatu. Chapa bei ndani ya picha. Sio kibandiko nyuma, ndani, sehemu ya mchoro, kwa herufi kubwa: usilipe zaidi ya shilingi kadhaa. Mama wa genge alipe hiyo, mtalii alipe hiyo. Umeharibu mchezo mzima kwa mstari mmoja. Lakini uwe muungwana: wale flaikacha wanaozungusha picha zako karibu na Mnara wa Saa wanaishi kwa ile nyongeza. Kaa nao kwanza, mkubaliane fungu lao, uliweke ndani ya bei. Uasi unaoanzia kwenye ugali wa mwenzako aliye chini yako sitausifu.

Vifaa havitakusumbua. Mchoro wa wino mweusi usio na kijivu unatoka vizuri kwenye fotokopi ya A3. Kwa nguo, omba filamu za zamani za eksirei, zikate kwa wembe mpya. Hazilowi kama boksi na utazitumia mara nyingi. Rangi ya kitambaa igongwe kwa sponji karibu kavu, ukiloweka itavuja chini ya kingo. Ikikauka, piga pasi kwa ndani. Gundi ya ukutani ni uji wa ngano, wembamba kama wa mtoto, na ukuta uwe wa mtu uliyemwomba, maana faini ya Jiji itakula mtaji wako wote. Usianze na kanvasi. Kanvasi itakurudisha kwa yule mwenye duka.

Nguo za kuchapia unazo tayari pale Kilombero, zile zenye nembo za vyuo na mbio za hisani za huko kwao ambazo hazina mnunuzi. Zimekuja bila kuombwa. Chapa juu ya nembo zao, acha ya zamani ionekane kwa chini, uwauzie wageni wazirudishe kwao kwenye mabegi yao.

Kaa na kikokotoo kabla ya kuandika ile bei. Fulana, rangi, wembe, fungu la muuzaji, nauli ya daladala, siku zako za kazi, na kodi usiisahau. Ikishakamilika ya kwanza nipe kwa basi la Moshi. Nitalipa ilivyoandikwa, sitaomba punguzo.